Simu Inapojizima Yenyewe: Chunguza Batri Kabla ya Kununua Nyingine



Karibu kila Jumapili baada ya ibada hapa Kisangani, kuna ndugu anayenifuata na simu mkononi na maneno yaleyale: "Pasta, imejizima tena, na ilikuwa na asilimia arobaini." Mmoja anataka nimshauri kama auze hiyo na kununua nyingine. Mwingine amekwisha kulipa fundi mara mbili na tatizo limebaki. Na wako wanaouliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu aliyewatupia kitu.

Mimi nilisoma teolojia, sikusoma umeme. Lakini maswali yamekuwa mengi hata nimeketi mara nyingi na mafundi wa simu sokoni, nikiangalia simu zikifunguliwa na kuuliza sababu ya kila jambo. Ninayoandika hapa ni yale ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani, mengi yake bila kutoa hata franka moja.

Wengine watasema mchungaji ana mambo makubwa zaidi ya kuandika. Sikubaliani. Kwa waumini wetu wengi simu ndiyo benki. Mweka hazina wa kutaniko anapokea mchango wa msiba kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Jamaa zilizokimbilia mjini kwa sababu ya mapigano ya Mbole na Lengola yaliyoanza mwaka 2023 zinapata habari za nyumbani kwa njia ya simu, na mara nyingi ukoo mzima unategemea simu moja. Inapozimika, mtu wa upande wa pili hajui kwamba ni batri. Anasikia tu kwamba namba haipatikani. Mke anafikiri mume amezima kwa makusudi. Mtoaji wa mchango anafikiri pesa imeliwa. Nimekaa katika vikao vya wazee wa kanisa ambapo ugomvi ulianza na namba isiyopatikana, na watu wakaachana na uchungu, na hakuna aliyeuliza ile batri ina miaka mingapi.

Basi tuulize.

Kwa nini inazimika ikiwa na asilimia arobaini

Batri ya simu za siku hizi ni ya lithiamu. Ikiwa imejaa ina volti 4.2 au zaidi kidogo. Inapotumika volti zinashuka polepole. Simu imepangwa ijizime yenyewe volti zikishuka mno, mahali fulani kati ya 3 na 3.5 kufuatana na aina ya simu, ili isiharibike. Hiyo ni kazi njema. Shida inaanza batri inapozeeka.

Mfikirie mama anayechota maji kwa bidoni ya lita ishirini. Bidoni ikiwa mpya, akiinamisha maji yanatoka kwa nguvu. Sasa fikiri mdomo wa bidoni umejaa matope hadi umebaki tundu dogo. Ndani bado kuna nusu ya maji. Akitaka kikombe kimoja polepole, anapata. Akitaka kujaza sufuria kwa haraka, hayatoki. Batri iliyozeeka iko hivyo: umeme umo ndani, lakini njia ya kutokea imekuwa nyembamba. Mafundi wanasema ukinzani wa ndani umepanda.

Ndiyo maana simu yenye asilimia arobaini inaweza kukaa mezani saa nne bila neno. Halafu unafungua kamera, unawasha taa yake, au unapiga simu, na kwa nukta moja simu inadai umeme mwingi kwa mara moja. Batri inashindwa kuutoa, volti zinaanguka ghafula, simu inaona kana kwamba batri imekwisha, inajizima. Ile namba ya asilimia haikuwa uongo kabisa. Ilikuwa inahesabu maji yaliyomo, haikupima mdomo wa bidoni.

Alama yake ni hii: simu imezimika kwa 35, unaichomeka kwenye chaja, inawaka papo hapo na kuonyesha 33 au 34, wala si 1. Au unaiwasha bila chaja, inawaka, inakaa dakika mbili, inazimika tena. Ukiona hivyo, nafasi kubwa ni kwamba batri imechoka. Huo si uchawi, na kwa kawaida si kosa la programu pia.

Batri haidumu milele. Kila ukitumia kiasi kinachotimiza asilimia mia moja, hata kama ni kwa vipande vya siku mbili, unahesabu mzunguko mmoja. Simu nyingi zimetengenezwa batri ibakize karibu asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi. Kwa mtu anayemaliza batri kila siku, hiyo ni mwaka mmoja na nusu. Ulaya wamekwisha kuweka sheria: tangu Juni 2025 simu mpya zinazouzwa kwao zinapaswa kufikisha mizunguko 800 zikiwa bado na asilimia 80. Sisi tunanunua nyingi ambazo mtu mwingine alizitumia kwanza mahali pengine, kwa hiyo mizunguko imeanza kuhesabiwa kabla simu haijafika mikononi mwetu.

Kwa nini inazimika pale hasa unapoihitaji

Hili linawashangaza ndugu walio kwenye makutaniko ya njiani, upande wa Bafwasende au Ubundu, na hata wale wa ng'ambo huko Lubunga. Wanasema simu inafanya kazi vizuri mjini, lakini wakifika kijijini na kupiga, inakufa. Wengine wameanza kusema mahali pale ni pabaya.

Jibu liko kwenye antena. Simu inapokuwa karibu na mnara, inanong'ona. Inapokuwa mbali, inapaaza sauti. Kwa mtandao wa zamani wa sauti, ule wa 2G ambao bado unatumika sana vijijini, simu iliyo mbali inaweza kurusha mawimbi kwa nguvu inayofika wati 2 kwa vipigo vifupi vifupi. Vipigo hivyo vinadai umeme mwingi kwa ghafula kutoka kwenye batri. Batri mpya inavumilia. Batri iliyozeeka inaanguka. Na hata usipopiga, simu isiyoona mnara inautafuta tena na tena, inakula umeme na kupata joto.

Kwa hiyo mtu ambaye anapiga kuita msaada akiwa barabarani msituni, ndiye ambaye simu yake iko katika hatari kubwa ya kuzimika. Nataka wachungaji na wainjilisti wanaosafiri wayashike haya. Ukiwa mahali pasipo na mtandao, weka simu katika hali ya ndege, au uizime, hadi utakapofika mahali pa juu au karibu na mnara. Ukiwa na batri dhaifu, tuma ujumbe mfupi wa maandishi badala ya kupiga: kurusha kwake ni kwa muda mfupi sana kuliko mazungumzo. Punguza mwanga wa skrini kabla ya kupiga, zima data, funga programu nyingine. Kila kimoja kinapunguza mzigo wa batri kwa ile nukta ya hatari.

Jinsi ya kujua kama ni batri au kitu kingine

Kabla ya kwenda kwa fundi, kwa siku mbili au tatu andika kila mara simu inapozimika: saa ngapi, asilimia ngapi, ulikuwa unafanya nini, ilikuwa ya moto au la, ilikuwa kwenye chaja au la. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maneno "inazimika tu". Fundi mwema ataifurahia, na fundi mwenye hila atajua kwamba hashughuliki na mtu wa kudanganywa kirahisi.

Jaribio linalosema mengi zaidi ni hili. Chomeka simu kwenye chaja nzuri au kwenye pawabenki, uitumie hivyo kwa saa moja au mbili ukifanya yaleyale yanayoizima: kamera, video, kupiga simu. Kama haizimiki kamwe ikiwa imechomekwa, na inazimika mara unapoitoa, batri ndiyo mgonjwa. Kama inazimika hata ikiwa imechomekwa, tafuta mahali pengine.

Mahali pengine ni wapi? Anza na kifuniko. Kuna vifuniko vya plastiki vinavyobana kitufe cha kuwashia bila mtu kujua, na simu inafikiri unaikandamiza ili izime. Kivue siku moja uone. Kama simu inazimika unapoitikisa, unapoiangusha kidogo kitandani, au ukiwa umepanda toleka kwenye barabara ya mashimo, kuna kitu kimelegea. Kwa simu ambazo mgongo unafunguka na batri inatoka, zima simu, toa batri, pangusa vile vipande vya shaba kwa kitambaa kikavu au kwa kifutio cha mwanafunzi, na kama batri inacheza ndani, kunja kipande cha karatasi uweke upande wa mbali na vile vipande ili iisukume. Nimeona simu zilizokuwa zimekataliwa zikifanya kazi kwa kipande cha karatasi ya daftari. Kwa zile zilizofungwa kabisa, waya wa ndani uliolegea ni kazi ya fundi.

Simu inayozimika kila siku saa ileile, kwa mfano saa tano usiku kamili, usiipeleke popote. Fungua mipangilio utafute mahali panapohusu kuzima na kuwasha kwa saa iliyopangwa. Simu nyingi za Tecno, Itel na Infinix zina jambo hilo, na mtoto akicheza na simu anaweza kuliwasha.

Tena tofautisha kujizima na kujiwasha upya. Simu inayozimika na kubaki kimya mara nyingi ni suala la umeme. Simu inayozimika na kuwaka yenyewe, ikionyesha alama ya kampuni, ikarudi, ikazimika tena, inaweza kuwa na shida ya programu, au nafasi yake ya kuhifadhi imejaa kabisa. Futa video zilizopokelewa katika makundi ya WhatsApp. Kwaya zetu zinaimba vizuri, lakini video ishirini za wimbo mmoja si lazima. Kisha ijaribu katika hali salama: kwa Android nyingi, unakandamiza kitufe cha kuzima hadi neno la kuzima litokee kwenye skrini, unalishikilia neno hilo kwa kidole bila kuachia, na simu inakuuliza kama unataka hali hiyo. (Kwa simu iliyo katika Kifaransa utaona "mode sans échec".) Humo zinafanya kazi programu za kiwandani tu. Kama siku nzima imepita bila kuzimika, kosa liko katika programu uliyoiweka mwenyewe. Ondoa ile ya mwisho kwanza. Kutoka humo, zima na uwashe kwa kawaida.

Nasema haya kwa sababu jambo la kwanza ambalo wengi wanaambiwa sokoni ni "tuiflashi". Kuflashi ni kufuta programu yote na kuiweka upya, na mara nyingi picha, namba na ujumbe vinakwenda navyo. Kwa batri iliyochoka, kuflashi hakusaidii chochote. Umelipa, umepoteza picha za marehemu baba yako, na kesho simu inazimika tena kwa 40. Usikubali simu iflashiwe kabla batri haijapimwa.

Joto, mvua na umeme wetu

Hali ya nchi yetu nayo ina sehemu. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, joto na unyevu ni vya mwaka mzima. Watengenezaji wengi wanasema simu itumike mahali ambapo joto la hewa halipiti nyuzi 35. Hewa yetu ya kivulini inakaa chini ya hapo siku nyingi, lakini simu iliyoachwa juu ya meza ya mbao juani, au mbele ya gari, inapita hapo upesi. Ikipata joto mno inajizima ili ijilinde. Hapo hakuna ugonjwa: iweke kivulini, ivue kifuniko, ingoje. Usiitie kwenye friji au maji ya baridi, kwa sababu unyevu utatonea ndani. Lakini joto la mara kwa mara linazeesha batri haraka, hasa likikutana na kuchaji.

Hapo nawasihi hasa ndugu wanaochaji kwa paneli ya jua vijijini. Paneli iwe juani, simu iwe kivulini kwa waya mrefu. Nimeona simu zimelazwa juu ya paneli yenyewe saa saba mchana. Tena usichomeke simu moja kwa moja kwenye paneli kwa waya zilizounganishwa kienyeji. Pitisha kwenye kifaa kinachotoa volti 5 zilizotulia. Paneli inapanda na kushuka kila wingu likipita.

Mjini tunategemea mitambo ya maporomoko ya Tshopo, ambayo ilijengwa wakati wa ukoloni katika miaka ya 1950 ikiwa na uwezo wa chini ya megawati 20, kwa mji ambao tangu wakati ule umekua mara nyingi. Kila mmoja anajua matokeo: umeme unakuja usiku wa manane, unakuwa dhaifu, unarudi kwa kishindo. Chaja nzuri inakubali kutoka volti 100 hadi 240, kwa hiyo udhaifu wa kawaida haiujali. Kishindo cha kurudi ndicho kinachoua chaja, na chaja mbovu inaumiza simu. Umeme ukikatika, chomoa; ukirudi, subiri dakika chache. Fanya vivyo hivyo mahali pa kuchajisha kwa grupu: usichomeke wakati grupu inawashwa. Kama simu inazimika au kuchanganyikiwa ikiwa kwenye chaja tu, skrini ikijigusa yenyewe, badilisha chaja kabla ya jambo lingine lolote. Na usilaze simu inayochaji chini ya mto au godoro, pale joto halina pa kutokea.

Kuhusu maji: simu iliyoloa mvua, au iliyotumbukia wakati wa kuvuka kwa mtumbwi, izime mara moja, toa batri kama inatoka, toa kadi ya SIM, ipanguse, iweke mahali penye upepo kwa siku moja au mbili. Usiichomeke kuangalia kama iko hai. Mchele hausaidii, kampuni ya Apple yenyewe ilionya mwaka 2024 kwamba vipande vya mchele vinaweza kuingia ndani. Wala usiiweke karibu na makaa. Simu iliyowahi kuloa inaweza kuanza kuzimika wiki kadhaa baadaye, kutu ikianza kula ndani, kwa hiyo mwambie fundi ukweli. Mara nyingi karibu na nafasi ya SIM kuna alama ndogo nyeupe inayogeuka nyekundu ikiguswa na maji, naye ataiona.

Hata simu za bei kubwa

Asifikiri mtu kwamba haya ni ya simu za maskini. Novemba 2016 Apple ilikiri kwamba baadhi ya iPhone 6s, zile zilizotengenezwa Septemba na Oktoba 2015, zilikuwa zinajizima ghafula, na dawa ilikuwa kuwabadilishia watu batri bure. Mwanzoni mwa 2017 ikaleta programu mpya iliyopunguza mwendo wa simu zenye batri zilizochoka, ili zisidai umeme mwingi kwa mara moja. Simu zikaacha kuzimika, lakini zikawa nzito, na wenyewe hawakuelezwa vizuri sababu. Wengi wakanunua mpya. Desemba 2017 kampuni ilieleza ilichokifanya, ikaomba radhi, na kushusha bei ya kubadilisha batri kutoka dola 79 hadi 29. Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja.

Mimi nachukua jambo moja katika kisa hicho: simu zilizoonekana zimezeeka zilirudia nguvu zake kwa kubadilishiwa batri tu. Nasi watu wa mashariki ya Congo tuna sababu yetu ya kulifikiri hilo. Kobalti iliyo katika batri nyingi za simu inatoka hasa nchini mwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Koltani ya vipande vidogo vya ndani inachimbwa Rubaya, na wasomaji wetu wa Masisi na Goma wanajua inavyopatikana kuliko ninavyoweza kuandika. Simu inayotupwa kwa sababu ya batri imebeba jasho la watu tunaowafahamu.

Kununua batri nyingine

Bei ya batri ni sehemu ndogo ya bei ya simu, lakini sokoni kuna batri ambazo ni karatasi nzuri iliyobandikwa juu ya kitu kibaya. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye batri yako ya zamani na ile mpya: namba ya aina ifanane, volti zifanane. Ikiwa ya zamani imeandikwa 4000 na hiyo "mpya" yenye ukubwa uleule imeandikwa 9000, ni uongo. Uliza pia imekaa dukani muda gani, maana batri inazeeka hata ikiwa imefungwa kwenye boksi. Ilaze juu ya kioo na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo lake limevimba, iache.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi muijaribu pamoja: simu bila chaja, kamera ikirekodi video na taa imewashwa, mwanga wa skrini juu, dakika kumi. Kisha piga simu. Fundi mwaminifu hatakataa. Simu ikizimika tena na batri nzuri, hapo tatizo liko kwenye bamba la ndani, na gharama yake inaweza kukaribia bei ya simu nyingine. Wakati huo ndipo ni halali kufikiri kununua.

Neno la hatari sasa. Ukiona mgongo wa simu umeinuka, skrini imetengana na fremu, au batri ina tumbo, acha kuichaji leo hii. Batri iliyovimba ina hewa inayowaka. Usiitoboe ili "ipumue", usiikandamize, usimwachie mtoto. Mwaka 2016 Samsung ilirudisha simu zake za Galaxy Note 7 kutoka dunia nzima na kisha kuacha kabisa kuzitengeneza kwa sababu batri zake zilikuwa zinashika moto. Na hizo zilikuwa mpya. Batri kama hiyo iweke katika kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, kisha mpelekee fundi. Usiitupe kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, wala chooni, wala mtoni.

Wakati unatafuta pesa ya batri

Mwenye M-Pesa au Airtel Money ajue kwamba pesa haimo ndani ya simu. Iko kwenye akaunti ya namba yako huko kwa kampuni. Simu ikizimika katikati ya kutuma, usitume tena mara moja. Weka SIM katika simu nyingine, angalia salio na ujumbe wa mwisho, ndipo uamue. Nimesikia wengi waliotuma mara mbili kwa hofu. Wala usimpe anayekuazima simu namba yako ya siri, iingize mwenyewe.

Weka hazina wa makutaniko waandike kila mchango katika daftari siku ileile, na namba ya muamala, bila kutegemea ujumbe uliobaki ndani ya simu. Namba za watu zihifadhiwe kwenye akaunti ya Google badala ya kwenye simu tu. WhatsApp inatunza nakala yake ndani ya simu kila usiku saa nane, lakini nakala hiyo itapotea pamoja na simu. Washa ile ya Google Drive siku unapopata mtandao mzuri. Na zile namba tano ambazo huwezi kukosa, yaani mke au mume, mzee wa kanisa, nesi, jirani, mtu wa kijijini, ziandike kwa kalamu kwenye karatasi ndogo na uiweke katika Biblia yako au katika mfuko wa shati. Waambie pia watu hao batri yako ni mbovu, ili namba isipopatikana wajue pa kuanzia, wapige kwa jirani.